Mida wakati wa kaskazi au Watamu wakati wa kusi?

TopeMagotini: Wadau, nina likizo moja tu mwaka huu, na nimeshaamua ni Watamu, pwani ya Kenya: hifadhi ya bahari na hori ya Mida, yaani ule mkono wa bahari wenye mikoko. Kinachonishinda ni mwezi. Januari, wakati wa kaskazi, naambiwa ndege waliokimbia baridi ya kaskazini ya dunia wamejaa Mida. Agosti, wakati wa kusi, kuna nyangumi. Mfuko hauruhusu safari mbili. Nyie mngekwenda lini?

Bamvua: Januari. Ila chagua tarehe kwanza, mwezi baadaye. Mara yangu ya kwanza nilifika Mida saa nne asubuhi, maji yamekupwa, nikaona tope na vidoadoa vikitembea kule mbali. Nikaondoka nimenuna. Kijana mmoja wa pale akaniambia, "Rudi saa nane, ukae kibandani pa kutazamia ndege, utulie." Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo na maji yakijaa na kupwa sana, maji ya pwani yetu hujaa mnamo saa kumi alasiri, nayo yakipanda huwasukuma ndege kuelekea kwenye mikoko. Kufika saa tisa u nusu nilikuwa naona rangi ya miguu yao bila darubini. Ukienda siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, hawasogei hivyo.

DadaSululu: Bamvua kasema kweli. Mimi humwendea yule ndege mla kaa, mweupe na mweusi, mdomo mnene kama nyundo. Huzaliana kwenye mashimo ya mchangani huko Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja kwetu. Mwezi wa Desemba nilimtazama mmoja akimpiga kaa chini mpaka miguu ikakatika. Nyuma yake kinda wa kijivu, mkubwa sawa na mzazi, analia kama mtoto anayedai andazi. Kaa akapewa yeye! Amesafiri bahari nzima na bado analishwa.

KusiKali: Mnamwonea mwenzenu. Hao vitwitwi, ndege wa topeni, atawaona Januari yoyote ile. Nyangumi wa nundu wanatoka bahari ya Antaktika, kule nako ni baridi kali, wanakuja maji yetu ya joto kuzaa na kunyonyesha, kati ya Julai na Septemba hivi. Mwaka juzi mmoja aliruka mwili mzima nje ya maji, boti nzima ikanyamaza. Na huyo pia ni mgeni wa kipupwe, ila cha upande wa pili wa dunia.

TumboJepesi: Kaka KusiKali, umesahau kumwambia habari ya mawimbi. Mimi nililipia boti Agosti nikatapika tangu tulipovuka mwamba hadi tuliporudi. Nyangumi nilimwona mgongo tu, tena nimeinamia ndoo. Nahodha naye akamfukuza kwa kasi ili tupige picha, jambo lililoniudhi kuliko kichefuchefu. Ukienda, uliza mapema kama boti huzima injini na kusubiri mbali. Wasipokupa jibu la maana, tafuta nyingine.

KusiKali: Hapo sina la kujibu. Kumeza dawa mapema, kutoka alfajiri kabla upepo haujaamka.

DadaSululu: TopeMagotini, kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja: mwanzoni mwa Aprili. Kile kitwitwi kidogo chenye mdomo uliopinda chini, gramu 60 hivi, kinajiandaa kurudi tundra ya Siberia, nyanda za baridi zisizo na miti. Januari ni cha kijivu, humtofautishi na wenzake. Aprili kimegeuka rangi ya tofali na kimenenepa mpaka kinatembea kama mama mjamzito. Nyangumi hupati, lakini mvua za masika zikichelewa, ni wiki nzuri kuliko zote.

Bamvua: Zikichelewa! Nimewahi kukaa kibandani siku mbili nikisikiliza matone.

MlinziMikoko: Nyongeza fupi kwa wa Agosti: Mida haiwi tupu. Ndege wengi waliozaliwa mwaka uliotangulia hawarudi kaskazini, hubaki hapa kusi nzima. Wachache, lakini wapo. Halafu panda hadi mdomo wa mto Sabaki, karibu na Malindi, uone wale wanaokuja kutoka Madagaska msimu huo.

TopeMagotini: Asanteni. Nimefungua kalenda: mwezi mpevu wa Januari unaangukia siku zangu za mwisho za likizo, kwa hiyo Januari. KusiKali, usinune. TumboJepesi, hiyo ndoo ilikuwa ya nahodha au ulikwenda nayo?