Nimemaliza usanifu wa mandhari, niko Wete: fildi na kazi nitazipata wapi?

binti_limbani

Assalamu alaykum. Jamani naomba mawazo yenu, na naomba msinicheke.

Nimemaliza shahada ya usanifu wa mandhari (kupanga miti, udongo na maji ya mvua nje ya majengo) Chuo Kikuu Ardhi, Dar. Nimerudi nyumbani Wete tangu mwezi wa saba. Kila anayeniuliza nimesomea nini, nikimjibu ananiuliza tena. Bibi yangu keshachoka, amewaambia majirani nimesomea "kupanda maua". Jirani mmoja kaja na ndoo ya asumini yake inayokauka, nimtazamie. Nikaitazama. Ndoo haina tundu chini, mizizi imeoza. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nimalize, na malipo yalikuwa sahani ya mkate wa kumimina.

Sasa bila masihara. Nimepeleka barua sehemu sita: ofisi tatu za serikali hapa Pemba na hoteli tatu Unguja. Ofisi moja imenijibu kwamba hawana kada hiyo. Mbili kimya. Hoteli moja ikaniita, nikapanda boti nikaenda, kumbe wanataka mtu wa kusimama na wamwagiliaji, miezi sita bila mshahara, "utapata uzoefu na chakula cha mchana". Nilikaa wiki tatu. Nilichokiona pale ni kwamba ule ukoka unakunywa maji kuliko wageni, na kisima chao kimeshaanza kutoa maji ya chumvichumvi. Nilipomwambia msimamizi tupunguze ukoka tupande mimea ya pwani, akaniambia mgeni hakuja kutazama kichaka. Nikaondoka. Siwataji.

Maswali yangu: kuna mahali huku visiwani panapochukua mtu wa fani hii kweli? Nirudi Dar? Au niombe nje? Mtandaoni nafasi za Marekani zimejaa, za majira ya joto, na wengine wanalipa vizuri tu. Potifolio yangu ina kazi nne, tatu za darasani (moja Mto Msimbazi, kama darasa zima) na moja ya fildi. Programu za kuchorea, AutoCAD na SketchUp, naziweza.

yakhe_wa_ngambo

Pole dada. Omba ualimu, ndiko ajira zinakotoka. Maua utapanda jioni.

mtaimbo

Yakhe, mtu kauliza njia ya Chake wewe unamuonesha ya Mkoani.

Dadaangu, kazi zipo ila hazitangazwi kwa jina ulilosomea. Mie nina mwaka wa kumi na moja kwenye kazi hizi Unguja, nilianza kwa kubeba viriba kitaluni, sasa nasimamia saiti. Sijaona tangazo hata moja la "anatakiwa msanifu wa mandhari". Nimeona msimamizi wa bustani, afisa mazingira, mratibu wa mradi wa mikoko, mtu wa mitaro ya maji ya mvua. Usisome kichwa cha tangazo, soma anachotakiwa mtu kufanya. Ukikuta humo maji, udongo, miti na ramani, hiyo ni yako, peleka barua.

Na barua usiipeleke utumishi peke yake. Pale wanatafuta jina la kada kwenye orodha yao, na jina lako halimo. Mtafute mtu mwenye tatizo. Kwa mfano washauri wanaoandika ripoti za tathmini ya athari za mazingira. Mradi mkubwa hapa hauanzi bila ripoti hiyo kupita Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA. Wengi wa hao washauri ni watu wa baiolojia au wahandisi. Ripoti inataka mchoro unaoonesha maji yatapita wapi, mti gani ubaki, ufukwe utalindwaje, na hapo ndipo wanapohangaika. Mie nilipata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa hivyo hivyo: mchoro mmoja wa mteremko, siku mbili, hela ya mkononi. Mwezi uliofuata wakaniita tena.

Nenda pia Fumba Town ukaangalie. Hata wasipokuchukua, tembea. Mandhari ya pale imepangwa kwa njia ya permakalcha (bustani inayoiga namna msitu unavyojilea wenyewe), kwenye ardhi ya mawe matupu, na utaona kitu ambacho Dar hukukiona: namna ya kuotesha kivuli juu ya jiwe. Sisi wa maweni tunajua shimo la mti halichimbwi kwa jembe. Ni mtaimbo (ndilo jina langu humu, mtanisamehe). Unavunja jiwe, unajaza udongo wa kinongo na mboji, unatandaza majani makavu juu, ndipo mti unashika. Mtu aliyepanda miti hamsini namna hiyo huhitaji kumuuliza cheti.

Ukipata nafasi, fika na Chumbe. Boti zao huondokea Mbweni. Kile kisiwa hakina maji baridi, kwa hiyo banda la wageni limesanifiwa kuyatafuta: paa linakusanya mvua, tangi liko chini ya nyumba, choo ni cha mboji, na maji ya kuogea yanapita kwenye mchanga na mimea kabla hayajagusa ardhi. Mabanda saba tu. Chuoni mlifundishwa usanifu wa ikolojia kwa slaidi, pale unaukanyaga.

Sasa potifolio. Toa Msimbazi. Usikasirike. Kila kijana wa Ardhi anakuja na Msimbazi, na mwenye ofisi huku hana Msimbazi, ana uwanja unaojaa maji kila masika. Weka kazi moja ya nyumbani, uliyoipima kwa mkono wako. Tafuta uwanja Wete, wa skuli au wa soko, unaotuama maji. Picha za angani zipo bure: mwaka 2016 ulianza mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba kwa droni, vijana wa chuo kikuu cha SUZA wakiwemo, na picha zimewekwa wazi kwenye tovuti ya OpenAerialMap. Zifungue kwa QGIS, programu ya ramani, nayo ni bure. AutoCAD inakufaa lakini leseni yake ukishatoka chuo utailipia kwa figo. Kisha chukua mpira mweupe wa mafundi ujenzi, ujaze maji, mpime na mdogo wako usawa wa uwanja mzima, maana maji ya ncha mbili husimama sawa. Mchoro wako uoneshe maji yanaingilia wapi, yanalala wapi, siku ngapi, na wewe ungeyapeleka wapi. Kurasa mbili. Picha za kabla ya mvua na baada ya mvua. Mie ningekupa kazi kwa hizo kurasa mbili, nisiangalie nyingine.

Kuhusu Marekani sikukatishi tamaa, ila soma masharti ya chini kabisa ya tangazo. Nyingi zinamtaka mtu ambaye tayari ana ruhusa ya kufanya kazi kule. Kwa asiye nayo, njia ya kawaida ni viza ya J-1 ya mafunzo (uliza kwanza ubalozini kama kwa sasa Watanzania wanapewa), na kwa daraja la intaneshipu lazima uwe bado unasoma au uwe umemaliza si zaidi ya miezi kumi na miwili kabla ya kuanza. Wewe umemaliza mwezi wa saba. Hesabu vidole. Na nafasi za kiangazi chao huombwa wakati wa baridi yao, siyo Mei. Kama unaitaka, anza leo, sambamba na mambo ya hapa, lakini usikae Wete unasubiri barua pepe.

Bila mshahara: wiki mbili tatu za kujifunza si mbaya, miezi sita ni kibarua. Ulifanya vizuri kuondoka. Ukienda tena mahali popote, waandikishe kwenye karatasi: utafanya nini, kwa muda gani, nauli nani analipa, na mchoro utakaouchora utakuwa na jina la nani. Hilo la mwisho watu hulisahau. Mie kuna bustani moja ya hoteli mashariki huko, kila nikipita naiona kwenye matangazo yao, na jina lililoandikwa si langu.

binti_limbani

Kaka mtaimbo, wallahi umenipa darasa. La Msimbazi limeuma lakini nimelikubali. Na hilo la J-1 sikulijua kabisa, nilidhani ni kuomba tu.

Swali dogo: nikitaka kubaki Pemba, basi? Mama hayuko vizuri, nisingependa kuhama mwaka huu.

mzee_wa_mchu

Mwanangu, waalaykumu salaam. Mimi ni mstaafu wa misitu, nipo Mkoani. Simu ya mjukuu hii, nikikosea herufi nisameheni.

Umeuliza Pemba. Kazi ya Pemba ni bahari. Nenda Kisiwa Panza ukaangalie maji ya chumvi yalivyoingia kwenye mabonde ya mpunga. Watu wenyewe walianza kupanda mikoko kuyazuia. Mashirika yanayofanya kazi hizo yapo, Community Forests Pemba ni mojawapo, na miradi ya namna hiyo inahitaji watu wa kuchora na kupima kuliko inavyosema.

Nakwambia kwa nini. Nimeona upandaji mwingi ukifa. Wageni wanakuja na fulana, wanapiga picha, wanachomeka mbegu za mkoko zile ndefu kama kalamu, elfu na elfu, kwenye mchanga mtupu mbele ya bahari. Bamvua mbili tu, yale maji makubwa ya mwezi, hakuna kitu. Mkoko si wa pale. Pale mbele ni pa mlilana, unaostahimili mawimbi. Mkoko unakuja nyuma yake kwenye tope, kisha mshinzi na mkandaa, na mchu unakaa hata kule juu maji yanakofika kwa bamvua peke yake. Babu zetu walijua hivyo kwa sababu walikata boriti, walijua kila mti wanaufuata wapi. Sasa anapanda mtu asiyejua maji mafu, yale yasiyopanda sana, ni nini.

Wewe umesoma kuchora. Mtu akichora ramani ya pwani moja tu, bamvua linafika wapi na maji mafu yanakomea wapi, mti gani uliopo na upi umekatwa, basi shehia nzima itajua pa kupanda na pa kuacha. Mahali pengine dawa ni kufungua njia ya maji iliyozibwa, mikoko itaota yenyewe. Hiyo kazi haina fulana.

Anza kwa sheha. Usianze kwa mkurugenzi. Sheha akikujua, kila mradi ukija ataulizwa nani kijana wa hapa anayejua mambo haya.

Na huyo anayesema mgeni hakuja kutazama kichaka, mwambie mtondoo na mkadi vilikuwepo ufukweni kabla ya hoteli yake, na havikuomba kisima.

yakhe_wa_ngambo

Haya mie nanyamaza. Lakini mzee, mlakasa umeusahau.

mzee_wa_mchu

Sijausahau. Ule haupandwi, ule unaachwa.

binti_limbani

Babu, nimesoma mara tatu. Kwenye fildi yangu Dar tuliandika "mikoko" kama mti mmoja, naona haya sasa.

Nimeamua hivi. Kesho Jumamosi naenda skuli niliyosoma. Uwanja wake wa nyuma ukipiga mvua watoto wanavua viatu, toka mie niko darasa la pili. Mwalimu mkuu ameshakubali, amesema ila tusichimbe. Vuli imeshaanza, kwa hiyo picha za "baada ya mvua" nitazipata bila shida. Wiki ijayo kwa sheha, naye ni ami yangu upande wa baba, labda hapo ndipo tabu itakapoanza. Washauri wa mazingira nitawaandikia nikishapata zile kurasa mbili. J-1 nimeweka kwenye kalenda, nitaomba sehemu tatu nisizidishe.

Kaka mtaimbo, mpira wenyewe uwe na urefu gani? Dukani Wete wanauza kwa mita.

mtaimbo

Mita kumi na tano zinatosha, uwanja mkubwa utapima kwa vipande. Nunua ule unaoonesha ndani. Ukishajaza maji, uchungulie wote mwanzo mpaka mwisho: likiwemo povu moja la hewa, vipimo vyote uongo. Na mdogo wako mwambie asikanyage mpira.