Binti anayejinyima kula: tumshike mshauri wa mjini kwetu, au bingwa wa mbali kwenye simu?

MLETA MADA (Mombasa)

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Naleta jambo linalotugawa nyumbani, na naamini haliko kwetu tu.

Binti wa dada yangu yuko kidato cha tatu. Amekuwa akipungua kidogo kidogo, na kila aliyemwona alikuwa na jibu lake: vidonda vya tumbo, minyoo, hasadi. Akapewa dawa za tumbo, akanyweshwa kombe la aya za Kurani, akanunuliwa vidonge vya kuongeza hamu ya kula. Aliyeshtuka kweli ni bibi yake, baada ya Ramadhani. Wasichana wa nyumbani walikuwa wanahesabu siku za hedhi ambazo hawakufunga na wanadaiwa walipe, yeye hana hata moja. Amefunga mwezi mzima. Bibi akamwita chumbani, akamuuliza taratibu kuhusu hedhi, na hapo ndipo ikajulikana kuwa haijaonekana kwa miezi. Daktari akampima UKIMWI, kifua kikuu, tezi ya shingo na sukari, hakukuta kitu. Alipokaa naye peke yake na kumuuliza anavyojiona kwenye kioo, mtoto akalia. Ni anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima kula kwa kuogopa kunenepa.

Sasa mzozo. Mjomba wake aliyeko Uingereza anataka tumlipie bingwa wa huko, kikao kwa video kila wiki, kwa kuwa hapa "hakuna anayeujua ugonjwa huu". Mimi nasema tumchukue mwanasaikolojia wa hapa mjini, aliyesajiliwa, hata kama hajawahi kupata mgonjwa wa namna hii zaidi ya mmoja au wawili. Ugonjwa huu unatibiwa kwenye meza ya chakula, kwenye mizani na kwenye chumba cha kutolea damu. Mtu aliye kwenye skrini hafiki kote huko. Nipingeni kwa hoja.

MCHANGIAJI (Nairobi)

Dada, mimi nakupinga, na nakupinga kwa yaliyonipata.

Nilikuwa nakula usiku kwa siri na kutapika, miaka ya chuo. Mshauri niliyempata karibu na nyumbani alikuwa mtu mwema, mpole, mcha Mungu. Kikao cha kwanza aliniambia nishukuru kwamba nina chakula, wengine hawana. Kikao cha pili alinisifu kwa kuwa "nimejitunza mwili". Baadaye akaniandikia orodha ya vyakula vya kuepuka! Mtu ambaye ugonjwa wake ni kuviogopa vyakula anapewa orodha ya kuviogopa, tena yenye muhuri. Nikaendelea kuzama, huku naamini natibiwa.

Aliyenitoa ni mwanasaikolojia wa mbali kwa simu. Alitumia ile tiba ya kubadili fikra na mienendo aliyoiandaa daktari wa akili Christopher Fairburn pale Chuo Kikuu cha Oxford, ambayo ina mpangilio unaojulikana: vikao 20 kwa asiyepungua sana, na karibu 40 kwa aliyepungua. Wiki za mwanzo kabisa tulishughulika na kitu kimoja, kula kwa saa zinazojulikana. Hakuniuliza hata mara moja kwa nini simshukuru Mungu. Ndiyo maana nasema ujuzi kwanza, umbali baadaye. Mshauri wa karibu asiyejua ni hatari kuliko kukosa mshauri.

MUUGUZI (Tanga)

Shikamooni wakubwa. Ninyi wawili mnazungumzia wagonjwa wawili tofauti. Wewe wa Nairobi ulikuwa mtu mzima, uzito wako unatosha, unajipeleka mwenyewe. Huyu ni mtoto, amekonda, hedhi imekata. Naomba niseme la wodini.

Anayetapika mara kwa mara hupoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo hupiga ovyo. Anaweza kukaa kwenye kiti akicheka, na kesho yake asiamke. Aliyejinyima muda mrefu ana hatari nyingine ambayo ndugu wengi hawaijui: kulishwa kwa pupa. Mwili uliozoea njaa ukiletewa chakula kingi kwa ghafla, fosfeti ya kwenye damu huporomoka, moyo na mapafu vikashindwa. Haya yalionekana kwa mateka waliokombolewa baada ya Vita Kuu ya Pili: walinusurika na njaa, wakafa baada ya kula. Kwa hiyo siku za mwanzo damu inapimwa, vitamini B1 inatolewa, chakula kinaongezwa kwa hatua.

Nimeona ndugu wa mgonjwa wakileta uji wa siagi na maziwa kwenye chupa tatu, wanamnywesha kwa zamu, kila mmoja anataka aonekane kampenda mtoto. Mtu wa London angelionaje hilo? Mapigo ya moyo yakiwa chini ya 50 kwa dakika anapokuwa macho, akizimia anaposimama, au vidole vikiwa vya bluu na baridi, msitafute mshauri siku hiyo. Hospitali kwanza.

MCHANGIAJI (Dar es Salaam)

Naona vijana mnakimbilia majina ya kigeni. Haya ni maradhi ya mitandao na ya Wazungu. Sisi tumekua tukisifiwa unene, mtu akinawiri watu wanafurahi. Hata madaktari wenyewe wamewahi kuandika: Frank Njenga, daktari wa akili wa Kenya, na mwenzake waliandika mwaka 2004 katika East African Medical Journal kwamba anoreksia ni nadra kwao. Mnyang'anyeni simu, mpelekeni kijijini kwa bibi akale ugali na samaki miezi miwili. Mkimpachika jina la ugonjwa wa akili, nani atamwoa?

MLETA MADA

Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hapo sikubali.

Makala hiyo ni ya 2004. Binti huyu hakuwa hata amezaliwa. Na nadra haina maana ya kutokuwepo. Madaktari wanahesabu wanaofika mbele yao, na huyu wetu alikaa miezi akihesabiwa kuwa mgonjwa wa vidonda vya tumbo.

Kuhusu mitandao una haki nusu. Kule Fiji, nchi ambayo nayo ilisifu mwili mkubwa, runinga ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwaka huo kama wanatapika ili wasinenepe, hakuna hata mmoja. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 11. Kwa hiyo ndiyo, picha zinaleta. Lakini ukishaingia, kuondoa picha hakuuondoi. Malaria nayo huletwa na mbu, wala hakuna anayeitibu kwa kuua mbu peke yake.

Kijijini kwa bibi bila mtu anayejua ndiko muuguzi wa Tanga anakokuonya: kulishwa kwa pupa. Na suala la kuolewa, baba, kwanza awe hai.

MCHANGIAJI (Nakuru)

Na wavulana? Mimi ni mwanamume, niliingia kwa njia ya mazoezi, kukata uzito na kukimbia hata nikiwa na homa. Kila niliyemwambia alicheka au alinipongeza. Msiandike "binti" tu.

MWANASAIKOLOJIA (Kisumu)

Nimesoma wote. Nafanya kazi hii, na nitasema wazi kwamba walio na mafunzo maalumu ya maradhi ya kula ni wachache sana upande wetu. Dada wa Nairobi hakukosea kulalamika. Lakini swali "karibu au mbali" linaweza kumpotezea mtoto wiki nyingi bure.

Kwa mtoto wa umri huo aliyepungua, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ile ya kupitia familia, iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980. Ndani yake mzazi ndiye dawa. Awamu ya kwanza wazazi wanaamua mtoto ale nini, kiasi gani, saa ngapi, na wanakaa naye mpaka amalize. Mtaalamu anampima uzito mwanzoni mwa kila kikao. Kikao cha pili familia nzima inakuja na chakula, inakula mbele ya mtaalamu, naye anawafundisha wazazi papo hapo namna ya kumsimamia bila matusi na bila kubembeleza kusikoisha. Mtoto akishapona mwili, anarudishiwa madaraka ya sahani yake polepole. Hakuna anayelaumiwa, mzazi wala mtoto.

Sasa angalieni nyumba zetu. Hapa ndipo mtaalamu wa mbali hupotea, hata awe bingwa. Nyumba nyingi za Pwani zinakula kwenye sinia moja. Mtoto anazungusha mkono kwenye pilau, anasogeza wali upande wa kaka yake, anatafuna tonge moja kwa dakika tano, na mwisho sinia ni tupu. Kila mtu ataapa kwamba alikula. Mtaalamu anayejua nyumba hizo atasema siku ya kwanza: mpakulieni sahani yake, kwa muda. Atauliza pia nani yuko nyumbani saa nne asubuhi, maana mahamri mawili na mbaazi za asubuhi zinahitaji msimamizi, na mama ameshakwenda kazini. Mara nyingi msimamizi ni bibi au shangazi, basi na huyo aitwe kwenye vikao. Atauliza kama mtoto analala bweni, kwa sababu tiba hii haiendi na bweni hata kidogo.

Namna ya kumpima mtu kabla ya kumlipa: Kenya tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, na bodi yake. Ulizeni usajili, si kuudhi. Kisha muulizeni kama amewahi kutibu maradhi haya, na kama hajawahi, nani atamsimamia. Muulizeni kama atashirikiana na daktari atakayepima damu na moyo. Muulizeni anasemaje kuhusu vyakula "vibaya". Akianza kutaja sukari na mafuta, ondokeni. Na akisema mzazi abaki nje ya mlango kila kikao, kwa mtoto wa umri huo, ondokeni pia.

MCHANGIAJI (Nairobi)

Hilo la usimamizi ndilo nililolitaka. Kama mshauri wangu wa kwanza angekuwa na mtu wa kumpigia simu, nisingepoteza muda ule. Ila mnazungumza kama pesa zipo. Vikao kila wiki, miezi sita hadi mwaka, vipimo vya damu juu yake. Nani anaweza?

MLETA MADA

Hapo pa pesa panauma. Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya, kwa marekebisho ya 2022, inampa mwenye ugonjwa wa akili haki ya kupata bima ya matibabu, ya umma au ya binafsi. Lakini dirishani unaambiwa hayo ni mambo ya ushauri nasaha, hayalipiwi. Sisi tuliambiwa hivyo kwenye kampuni moja ya bima. Dada yangu akaomba waandike kwenye karatasi, wakamwambia arudi Jumatatu. Nawashauri wenzangu: ombeni barua, kisha mpeni daktari aandike jina kamili la ugonjwa kwenye fomu, asiandike "kukosa hamu ya kula". Jina likiwa kamili, wanaokataa wanapaswa kusema wanakataa nini.

Nimewasikia, na msimamo wangu haujahama ila umepata miguu. Mtibabu awe wa hapa. Pesa aliyotaka kutoa mjomba imlipe yule bingwa wa Uingereza amsimamie mwanasaikolojia wetu, wazungumze wao kwa wao mara mbili kwa mwezi, mtoto abaki na mtu anayeweza kumshika mkono na kumpandisha kwenye mizani. Mjomba amekubali. Na naliweka hadharani kama dai: kila hospitali kubwa ya kaunti iwe na timu moja ndogo, daktari, muuguzi, mwanasaikolojia na mtu wa lishe, waliofundishwa maradhi haya. Taarifa ya jopo kazi la serikali la mwaka 2020 ilitaka afya ya akili itangazwe kuwa janga la kitaifa. Mtoto wa Kwale au Lamu hawezi kusubiri mpaka awe na mjomba London.

MCHANGIAJI (Dar es Salaam)

Mwanangu, la kuolewa nalirudisha. Lakini bado nasema simu ipunguzwe. Na niulize: akikataa kabisa kula mbele yenu, mtamfanyaje? Kumpiga?

MWANASAIKOLOJIA (Kisumu)

Hapana, mzee. Unakaa. Unasema maneno machache: "Najua unaogopa, niko hapa, chukua kijiko kimoja." Saa nzima ikibidi. Hakuna shule, hakuna kutoka, si kwa adhabu bali kwa sababu mwili hauna nguvu ya kwenda. Akikataa milo kadhaa mfululizo, au maji, hilo ni la hospitali. Kuhusu simu, nakubaliana na wewe: zifutwe kurasa za miili na mizani, nyingine zibaki, maana marafiki zake wamo humo na anawahitaji.

MLETA MADA

Shule imekubali arudi kama mwanafunzi wa kutwa, baada ya barua ya daktari. Kikao cha pili, cha kula mbele ya mtaalamu, ni wiki ijayo, na bibi ameshasema atapika yeye. Mwanasaikolojia wetu anatafuta mtu wa lishe hapa Mombasa au Kilifi aliyewahi kushughulika na maradhi haya, si wa kupunguza watu uzito. Mwenye kumjua aandike mji na hospitali, kisha tutafuatana faragha. Tafadhali msiweke majina ya wagonjwa wala uzito wao.