Injini ya zamani ya Tri-ang: nitoe mota nitie mpya ama niifufue hii hii?

mtoto_wa_makupa
Assalam aleykum wadau. Nina injini ya treni ndogo ya kuchezea ya kampuni ya Tri-ang, ile iitwayo Jinty, nyeusi ya magurudumu sita yenye mota aina ya X04, niliachiwa na marehemu babu, naye alikuwa mtu wa reli. Nataka itembee tena, halafu baadaye niitie DCC, ule mfumo wa kuendesha treni kidijitali. Sasa nikiishika mkononi inazunguka mbio kwelikweli, lakini nikiifunga mabehewa mawili haivuti na mota inachemka mpaka yanuka mafuta yaliyoungua. Jamaa mmoja aniambia nitupe hiyo mota nitie ya kisasa. Umeme natumia chaja ya laptop, iko sawa?

FundiMajengo
Waleykum salaam. Chomoa hiyo chaja sasa hivi, za laptop nyingi ni volti 19 na hiyo injini yataka 12 za DC, utachoma koili bure. Mota usitupe kaka! Kuzunguka mbio bila mzigo halafu nguvu hakuna na joto jingi, hiyo ni sumaku imechoka. Agiza ya neodimiamu (sumaku ya kisasa yenye nguvu) iliyokatwa kwa saizi ya X04, utaona inavuta vizuri na inakula umeme kidogo. Ile ya zamani usiichomoechomoe kujaribu, manake kila ikitoka kwenye vyuma vyake inapungua nguvu. Ukiwa hapo safisha ile shaba zinapogusa kaboni (vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota), spiriti na kitambaa, na zile nafasi tatu katikati pitisha kijiti cha meno polepole, ndo uchafu wa kaboni unajaa hapo na umeme unavuka. Mafuta ya cherehani tone moja kila upande basi, yasifike kwenye shaba.

binti_likoni
Nakubaliana na Fundi. Na kwa DCC usiunge kitu kabla hujatenga mota na chesisi, yaani fremu ya chuma, kwa X04 kaboni moja inapitisha umeme kwenye chesisi. Angalia ile springi ya kubana kaboni, mguu mmoja umevishwa kimpira na mwingine uko wazi, vika na huo wa pili halafu pima kwa mita, ikilia bado kuna mguso na dikoda, kile kifaa kidogo cha DCC kinachotiwa ndani ya injini, itaungua mara moja. Nyaya za dikoda, nyekundu na nyeusi zaenda relini, ya chungwa na ya kijivu kwenye mota.

mtoto_wa_makupa
Shukran sana dada, na wewe Fundi. Naagiza sumaku. Reli zenyewe zimeshika kutu, nipige msasa?

FundiMajengo
Msasa utaacha mikwaruzo na uchafu utarudi upesi. Hizo ni za chuma na huku kwetu na hii hewa ya chumvi hutashinda, tafuta za nikeli silva, madini yasiyoshika kutu, ila ziwe code 100 (hicho ni kipimo cha kimo cha reli), magurudumu ya Tri-ang yana kingo ndefu yatagonga kwenye reli zenye kimo kifupi. Na vyuma vyote utakavyotoa weka kwenye mfuko, usitupe hata skrubu, hiyo ni injini ya babu yako.