Nimenunua CD kwa hela yangu, kuzinakili kwenye kompyuta ni kosa?

mpenda_santuri:
Wakuu, habari za saa hizi. Nina CD za muziki zimejaa kabati, zote halali, hakuna hata moja ya wizi. Kompyuta yangu ya sasa haina sehemu ya kuingizia CD, kwa hiyo nimeazima kisomeo cha nje nihamishie nyimbo zote kwenye diski ya kompyuta, kisha niweke kwenye simu yangu na ya mke wangu. Nikimaliza nauza CD zote, zinakula nafasi bure.

Sasa kuna jamaa kanishupalia eti hata kunakili CD yako mwenyewe ni kuvunja hakimiliki. Siuzi nakala, sipakii mtandaoni, na nimeshalipa. Kosa liko wapi? Halafu kuna CD moja kwenye deki inapiga vizuri tu, kwenye kompyuta inagoma kabisa. Hiyo nayo imekaaje?

jirani_wa_spika:
Mkuu, umenunua ni yako. Nakili ulale. Nani atakuja kukagua simu yako?

mtunza_kanda:
Jirani, kutokamatwa ni kitu kimoja na kuruhusiwa ni kingine, na mwenzetu ameuliza cha pili. Kazi yangu ni kutunza rekodi za sauti maktaba, swali hili ndiyo chai yangu ya asubuhi.

Mpenda santuri, ulichonunua ni kile kidude cha plastiki. Kivunje, kigawe, kiuze, hakuna wa kukuuliza. Wimbo uliomo hujauziwa. Utunzi una mwenyewe, rekodi nayo ina mwenyewe, mara nyingi ni watu tofauti, na haki ya kutoa nakala imebaki mikononi mwao. Kwa hiyo ruhusa ya kunakili kwa matumizi binafsi haitoki kwenye risiti yako, inatoka kwenye sheria ya nchi uliyopo. Mkataba wa Berne, yaani mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ibara ya 9, unaziachia nchi ziweke msamaha wa aina hiyo mradi usivuruge soko la kawaida la kazi yenyewe wala kumuumiza mwenye haki bila sababu ya msingi. Ndiyo maana jibu linabadilika ukivuka mpaka.

Uingereza ndiyo kichekesho. Miaka nenda rudi kuhamisha CD yako kwenda kwenye kompyuta kulikuwa kinyume cha sheria, na kila mtu alikuwa anafanya. Tarehe 1 Oktoba 2014 serikali ikaruhusu rasmi. Vyama vya wanamuziki na watunzi vikakimbilia mahakamani: mbona hatupewi fidia kama wenzetu wa Ulaya? Serikali ikajitetea kwamba hasara yao ni ndogo mno, haistahili fidia, lakini ushahidi wa kutosha wa kuonyesha hivyo haikuwa nao. Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta kanuni nzima. Mtu alianza kunakili kabati lake akiwa ndani ya sheria, na kabla hajalimaliza kitendo kile kile kikarudi kuwa kosa.

Ujerumani walishatafuta suluhu tangu 1965: nakili nyumbani kwako, ila vifaa vya kunakilia vinatozwa hela inayokwenda kwa wenye haki. Nchi nyingi za Ulaya zinafuata njia hiyo. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaweka wazi kwamba chanzo chenyewe lazima kiwe halali, faili la wizi halisafishwi na tozo. Marekani, kwenye kesi ya 1999 iliyohusu kifaa cha kusikilizia MP3 kiitwacho Rio, mahakama ya rufaa iliona kwamba mtu kuhamisha muziki alionao tayari ni matumizi binafsi yasiyo ya biashara. Mimi naiona hiyo ndiyo akili ya kawaida, lakini mimi si jaji.

Mpango wako unaharibikia kwenye kuuza. Hata nchi zenye huruma zinakataa hapo. Kanada, kwa sheria ya 2012, unatakiwa ufute nakala zote kabla ya kuuza au kugawa ile ya asili. Australia, ukiuza CD, nakala uliyoitoa inapoteza kinga. New Zealand wanataka umiliki vyote viwili, CD na nakala, na usizidishe nakala moja kwa kila kifaa chako. Ila wanaruhusu watu wa nyumbani mwako wasikilize, kwa hiyo mkeo kwa huko angesikiliza bila shida.

mpenda_santuri:
Asante sana mkuu, umenifungua macho. Basi kuuza naahirisha. Na hiyo inayogoma? Halafu nina nyimbo nyingine nilinunua mtandaoni kama faili, hizo je naweza kumuuzia mtu?

mtunza_kanda:
Faili sahau. ReDigi walijenga soko la faili za muziki zilizotumika, kampuni ya muziki ya Capitol Records ikawashtaki, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani ikawa upande wa Capitol: faili likihamia kompyuta nyingine, kule limezaliwa jipya, na hiyo ni nakala.

Hiyo CD kwanza imulike kwenye mwanga, uone kama imechubuka. Kisha tafuta nembo ya "Compact Disc Digital Audio" kwenye kasha na kwenye CD yenyewe. Isipokuwepo, yawezekana ni zile za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizowekewa kufuli: upande wa nje wa diski waliongeza data za kuichanganya kompyuta, deki ya kawaida haizisomi kwa hiyo inapiga bila shida. Mwaka 2002 watu waligundua baadhi ya kufuli hizo zinashindwa kwa kupaka wino wa kalamu ya maka ukingoni! Usicheke ukaenda kununua maka, maana nchi nyingi kuvunja kufuli ni kosa linalojitegemea, hata pale ambapo kunakili kwenyewe kunaruhusiwa.

fundi_wa_faili:
Kama CD zinabaki, basi nakili mara moja na uifanye vizuri. Tumia FLAC, aina ya faili la sauti lililobanwa, haipotezi chochote cha sauti, na faili huwa karibu nusu ya ukubwa wa lile lililo kwenye CD. MP3 za simu utazitengeneza kutoka humo. Na programu ya kunakili iwekee ukaguzi wa makosa, CD za zamani zina mikwaruzo ambayo sikio halisikii mpaka wimbo ufike katikati.