Mama kawekewa mikono, kaacha dawa za TB. Naanzia wapi kuongea naye?

Mtu wa Kihonda (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nivumilieni, uzi una maneno mengi.

Bi mkubwa wangu ana miaka 61, yuko Morogoro, mimi niko Dar natafuta riziki. Mapema mwaka huu aliota kinundu shingoni upande wa kushoto, kama harage. Hakiumi. Tukasema ni jino, tukasema mafindofindo, duka la dawa likatuuzia vidonge vya rangi zote, mwezi ukaisha. Vinundu vikawa vitatu, vimeshikana. Hospitali wakamchoma sindano palepale kwenye uvimbe, wakavuta majimaji, majibu yakaja: TB ya tezi. Akaanzishiwa dozi ya miezi sita, bure, vidonge vitatu kila asubuhi kabla hajatia kitu tumboni.

Wiki ya sita jirani akamwalika kwenye mkesha. Nilikuwa nyumbani wikiendi ile nikamsindikiza, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Saa tisa usiku wagonjwa wakaitwa mbele. Nyuma ya kila mama kasimama mdada na kitenge mkononi, mtu akianguka tu anafunikwa miguu. Mama hakuanguka. Mchungaji alijipaka mafuta kiganjani, akamwekea mkono shingoni, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kwa wengine, bila kupiga kelele. Mama alilia. Miaka 14 tangu baba afariki sijawahi kumwona akilia mbele za watu. Njiani kurudi akasema alisikia moto unashuka kutoka sikioni mpaka begani.

Jumatatu hakumeza dawa. Leo ni siku ya 16. Vidonge kavifunga kwenye mfuko wa nailoni, kaviweka juu ya kabati la vyombo. Ukimuuliza anasema, "Nimepokea."

Na uvimbe umepungua kweli, wakuu. Nimeushika. Ndiyo maana nakosa la kusema. Nikimwambia ni zile wiki sita za dawa, ananijibu Dar imeniharibu. Na kanisani mimi ni mtu wa Krismasi na harusi, sina mdomo. Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Kamanda Mstaafu

Mchungaji apelekwe polisi, mama apelekwe hospitali, wewe upelekwe kanisani. Uzi ufungwe.

Binti Sayuni

Dhihaka siyo jibu. Na wewe mleta uzi, angalia usimtie mama mashaka. Petro alitembea juu ya maji mpaka alipouangalia upepo. Marko 16:18 iko wazi, wataweka mikono juu ya wagonjwa, nao watapata afya. Hapo hapajaandikwa "pamoja na dozi ya miezi sita". Mimi tumbo lilinisumbua miaka mitatu, nikawekewa mikono mara moja tu, mpaka leo nakula maharage usiku.

Nesi wa Zamu

Nimetoka zamu ya usiku, makosa ya herufi mnisamehe.

Siku 16 si kidogo, ila hajapotea. Kwetu mgonjwa anahesabiwa ametoroka matibabu akikosa miezi miwili mfululizo. Asianze tena kimyakimya nyumbani, wala asimeze mara mbili kufidia. Arudi kliniki alikoandikishwa, na kadi yake na huo mfuko wa nailoni, wavihesabu vidonge vilivyobaki. Wao ndio wataamua anaendelea vipi.

Kuhusu uvimbe kupungua. Dawa hizi mwanzoni zinaua haraka vijidudu vinavyozaliana, na mtu anajisikia vizuri mapema. Vinavyobaki ni vile vilivyolala, na hivyo ndivyo vinavyotaka miezi. Ukikatiza hapo katikati, ugonjwa unaweza kurudi, na ukirudi umeshazoea dawa matibabu yake ni marefu na makali zaidi. Na mjue jambo linalowachanganya wengi: tezi inaweza kuvimba tena katikati ya dozi, hata zikatokea mpya, na huku dawa inafanya kazi vizuri kabisa. Kwa hiyo ikipungua usiseme kapona, ikivimba usiseme dawa imeshindwa. Kwa ugonjwa huu shingo ni shahidi muongo.

Halafu nikuulize. Mama alielezwa kwamba mkojo utakuwa na rangi ya chungwa? Kuna dawa ndani ya kile kidonge inafanya hivyo, haina madhara. Lakini asiyeelezwa anashtuka. Muulize kwa upole. Muulize na viungo kuuma, na kichefuchefu. Macho yakiwa ya njano hiyo si ya kuuliza, ni kukimbia hospitali.

Mlokole Taratibu

Binti Sayuni, nakupenda katika Bwana, ila andiko umelikata kiuno. Soma Timotheo. Huyu kijana aliwekewa mikono na Paulo mwenyewe, 2 Timotheo 1:6. Paulo yuleyule ambaye kule Malta aliweka mikono juu ya baba yake Publio na homa ikaisha. Sasa fungua 1 Timotheo 5:23 uone anavyomwambia: asinywe maji tu, atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Mara kwa mara! Mtu aliyeguswa na mikono ile, na tumbo bado linamsumbua, na mwenye mikono anamwandikia dawa. Hakumwambia "imani yako ndogo".

Mkuu, mimi ningemwendea mama kwa Luka 5. Yesu alinyosha mkono akamgusa mwenye ukoma, akatakasika, kisha akamwambia aende akajionyeshe kwa kuhani. Kuhani ndiye alikuwa mkaguzi wa ugonjwa ule. Mwambie mama, umeponywa, ahsante Yesu, sasa twende kwa mkaguzi tupate ushuhuda wa karatasi. Atakuja mwenyewe.

Mtu wa Kihonda

Hii imenigusa. Jumamosi nashuka Moro, nampeleka akapimwe.

Nesi wa Zamu

Subiri! Andiko zuri, ila hapo kuna shimo.

Mama yako TB yake ni ya tezi. Makohozi yake yanawezekana hayakuwa na kitu tangu siku ya kwanza. Ukimpeleka "akapimwe kama kapona" na kipimo kikatoka safi, umemkabidhi cheti cha kutupa vidonge, na hutamrudisha tena. Hakuna kipimo cha dakika kumi cha kusema TB ya tezi imekwisha. Kinachosema imekwisha ni kumaliza dozi na daktari kumfuatilia. Mpeleke kliniki, ndiyo, lakini usimwahidi kipimo kitakachoamua kati ya mchungaji na daktari. Mkishaliweka kama mashindano, mmeshindwa nyote.

Mlokole Taratibu

Nimeelewa, dada. Nafuta mstari wa mwisho, andiko linabaki.

Kabati la Vitabu

Acha nichomekee, maana ugonjwa wa mama huyu una historia na jambo hilihili. TB ya tezi za shingo kule Uingereza iliitwa ugonjwa wa mfalme, kwa sababu iliaminika mkono wa mfalme unauponya. Charles wa Pili aligusa makumi ya maelfu ya watu, na mgonjwa alivishwa sarafu ya dhahabu shingoni. Ufaransa nao walikuwa na maneno yao, mfalme anakugusa, Mungu anakuponya. (Ujanja mzuri, mfalme hadaiwi.) Mwaka 1712 Malkia Anne alimgusa mtoto wa miaka miwili hivi, Samuel Johnson, ndiye baadaye akaja kutunga ile kamusi kubwa ya Kiingereza. Hakupona. Alipasuliwa, na makovu akazeeka nayo. Ila wengine walioguswa tezi zao zilinywea, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kupungua na kurudi wenyewe. Kwa hiyo Nesi anaposema shingo ni shahidi muongo, imewadanganya hadi wafalme.

Bin Seif

Asalaam alaykum jamani. Sisi hatuna mkesha ila hili tunalo. Katika Sahih Muslim, Uthman bin Abil-As alimshitakia Mtume (s.a.w.) maumivu ya mwili. Akamwambia weka mkono wako pale panapouma, sema Bismillahi mara tatu, kisha omba kinga kwa Mwenyezi Mungu mara saba. Angalieni neno: mkono WAKO. Hakuambiwa atafute wa kumwekea. Na Mtume huyohuyo aliamrisha watu wajitibu. Tanga hapa bibi yangu alikuwa anatusomea huku kashika paji la uso, akimaliza anatuambia haya, kameze kloroquini. Uchungu wake naukumbuka hadi leo.

Mleta uzi, mbona mkono wako hauuhesabu?

Kamanda Mstaafu

Kloroquini ya bibi ilikuwa inatuwasha mwili mzima. Haya, uzi umekuwa mtamu, narudisha maneno yangu ya polisi. Nusu.

Mzee wa Upanga

Vijana mnaongea kana kwamba hili limeletwa na makanisa ya mabati ya juzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hapa Dar es Salaam alikuwepo Edmund John, Mwanglikana, ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku. Hakuwa padri. Aliombea wagonjwa mpaka alipofariki mwaka 1975, na watu walimfuata kwa wingi. Wakatoliki nao, katika mpako wa wagonjwa padri anamwekea mgonjwa mikono kichwani kimyakimya kabla ya mafuta. Na sisi tuliokwenda Samunge, kule Loliondo, mwaka 2011 kwa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500 tunajua mtu anapanga foleni ya namna hiyo akiwa na nini moyoni.

Kijana, kabla ya kuuliza utamwambia nini mama, tafuta kwanza nani kamwambia aache. Kwenye simulizi yako mchungaji kaweka mkono, kanyamaza. Neno la kuacha dawa umelisikia kwa nani?

Mtu wa Kihonda

Mzee, swali lako lilininyima usingizi. Nilirudi kichwani usiku mzima wa mkesha. Hakuna aliyesema.

Narudi na mrejesho wa Jumamosi.

Nilimpigia mchungaji kwanza, nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akaniuliza mara mbili, "Kaacha? Nani kamwambia?" Akasema atapita nyumbani jioni. Alikuja kwa bodaboda, akanywa chai, akamwambia mama kuwa kuombea ni kazi yake, ila siku ya kumwachisha mtu dawa haiko mikononi mwake. Mama akaitikia tu "ndiyo baba" kama anavyoitikia kila mtu anayetaka aondoke.

Alipoondoka nikakumbuka swali la Nesi. Nikauliza habari ya mkojo. Mama alinyamaza, akaenda kuchota maji, akarudi, akakaa. Akaniambia tangu siku ya pili aliona mkojo kama Fanta, na nguo zake za ndani zikawa na madoa hayatoki. Alidhani figo zinaoza. Hakumwambia mtu. Kichefuchefu kila asubuhi. Magoti yakimuuma anashika ukuta kwenda chooni. Na lile dirisha la kliniki liko karibu na njia ya sokoni, kila akienda anakutana na mtu wa jumuiya, na anajua wanavyosema ukionekana pale: kaathirika. "Mwanangu," akasema, "nilikuwa naomba siku moja tu nisiende pale. Mungu akanipa."

Wakuu, mimi nilikuwa nimejiandaa na maandiko. Sikuyatumia.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, tukaenda wote, tukapita njia ya nyuma. Wakahesabu vidonge, wakamchunguza macho na tumbo, wakachukua damu, wakamweleza mkojo, yule dada wa kliniki akacheka mpaka na mama akacheka. Wamesema anaendelea, na siku zilizopotea ataongezewa mbele. Msimamizi wake wa dawa nyumbani wameandika jina la yule jirani wa mkesha, mama mwenyewe kamchagua.

Binti Sayuni

Mungu ni mwema. Na mimi nakwenda kupima hili tumbo, jamani, limeanza tena tangu wiki iliyopita, nilikuwa naona aibu kusema humu.

Nesi wa Zamu

Nenda dada. Usisubiri Jumatatu.

Mkuu, dawa alimeza palepale au nyumbani?

Mtu wa Kihonda

Nyumbani, kesho yake alfajiri. Kavipanga vitatu kwenye kisosi, kikombe cha maji pembeni. Akanivuta mkono. Akasema, "Weka wewe." Nikamwambia mama mimi sijui kuomba. Akasema hakuniambia niombe.

Nikaweka. Vinundu viwili vimebaki vya kuhisika, kimoja kidogo kama choroko, ngozi ya moto kidogo ya mtu aliyetoka kitandani. Akatia vidonge vyote mdomoni kwa pamoja, akanywa maji, na chini ya kiganja nikasikia koo linapanda na kushuka. Kisha akasema nitoe mkono, una harufu ya vitunguu.