Mapapasi wanaliharibu pango la Kuumbi, nani anawasimamia?

Jamani, nina hasira na leo sitopunguza maneno. Jumapili nimewapeleka watoto wa kaka yangu Jambiani wakalione pango la Kuumbi. Akatutokea papasi mmoja, hawa watembeza wageni wa kujipachika, akajifanya ndiye mwenyeji, kadai pesa, risiti hana. Hilo ningelimeza. Kufika ndani, kaokota kijiti, anayagonga yale mawe yanayoning'inia juu ili yalie, wageni warikodi. Moja likakatika ncha. Hata hakuinama kulitazama!

Nililiokota mimi. Pale lilipokatika linaonesha duara ndani ya duara, kama shina la mti. Ile ni chokaa iliyoachwa na maji ya mvua yanayopenya kwenye mwamba, tone baada ya tone, na sentimita moja tu inaweza kuchukua miaka mia. Yeye kaivunja kwa video ya simu.

Halafu eti historia. Kawaambia watoto humo ndimo Waarabu walimoficha watumwa. Uongo mtupu! Hiyo ni habari ya Mangapwani, kule kaskazini ya mji, kwenye chumba kilichochongwa jiweni, biashara ile ilipopigwa marufuku 1873 na watu wakaendelea nayo kwa siri. Kuumbi ni mambo mengine kabisa. Profesa Felix Chami, mtaalamu wa mambo ya kale, alichimba pale 2005, baadaye wakaja wataalamu wengine, na ardhini imetoka mifupa ya pundamilia na nyati. Pundamilia, hapa Unguja! Zama hizo bahari ilikuwa chini, kisiwa kimeshikana na bara, na watu walilitumia pango lile kiasi cha miaka 20,000 nyuma. Mtoto wa darasa la nne ukimpa habari hiyo, usiku mzima hakuachi kwa maswali. Hawa wangu wamerudi na uongo, na skuli watausimulia.

Na wazee wa kule wana mambo yao ya mizimu mle ndani. Kulikuwa na chetezo, yule bwana kakisogeza kwa mguu ili mgeni apate picha. Uamini usiamini, adabu iko wapi?

Watembeza wageni wa kweli mpo, nawajua, na nyinyi ndio mnaochafuliwa jina. Sasa nyie wa Jambiani nijibuni: dhamana ya pango ni ya nani? Ya sheha? Kuna kamati? Nitajieni mtu wa kumuona, nakuja wiki hii hii.