Tufe la dunia linalozunguka: nyaya zinajisokota, bodi inajizima

Mwalimu wa Katuba
Jambo wandugu. Ninafundisha darasa la tano hapa Lubumbashi. Juzi niliuliza Kenya iko wapi. Mtoto mmoja akanyoosha kidole dirishani, upande wa komini ya Kenya, sehemu ya mji wetu. Kweli iko kule! Siku hiyo nikaamua kuwatengenezea dunia ya kuangalia kwa macho.

Nimebandika magazeti juu ya puto kwa uji wa mihogo, nikachora nchi, nikatoboa matundu 40, kila tundu na taa yake ya WS2812, taa ndogo ya rangi inayopokea amri kwa waya wa data. Mhimili nimeuinamisha digrii 23.5. Chini kuna mota ya 28BYJ-48, inayozunguka hatua kwa hatua, na bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo inayoongoza yote. Ninauliza jirani wa Kongo (tunao 9), mtoto anabonyeza kitufe, tufe linageuka, nchi inawaka.

Sasa nyaya zinajisokota kwenye mhimili. Mizunguko minne tu, waya wa data ukakatika. Tena nikiwasha taa zote nyeupe, bodi inajizima na kuanza upya, tufe halijui tena liko wapi. Nisaidieni, watoto wananiuliza kila asubuhi.

Fundi Redio
Mwalimu, hongera. Taa moja ikiwaka nyeupe kabisa inakula hadi miliampia 60. Mara 40 ni ampia 2.4, bodi haiwezi kubeba. Zipe waya wake kutoka chaja ya volti 5, ampia 3, na hasi ya chaja uiunganishe na hasi ya bodi. Ukisahau hiyo hasi, taa zitawaka ovyo.

Yaya Bea
Nyaya zitapona kwa programu: tufe lisipite nusu mzunguko kila upande. Mota hiyo ina hatua 2048 kwa mzunguko, digrii moja ni karibu hatua 5.7. Lubumbashi, longitudo 27.5 mashariki, ni hatua 156 kutoka Greenwich, yaani longitudo 0. Kutoka Japani kwenda Alaska litapita njia ndefu, na watoto wataiona Afrika ikipita. Gundisha sumaku ndogo kwenye longitudo 0 na sensa ya Hall, kifaa kinachohisi sumaku, kwenye kitako, ili likiwashwa lijitafute.

Papa Kasongo
Mota ya nini? Waacheni wageuze kwa mkono, ndivyo mtoto anavyoshika somo.

Mwalimu wa Katuba
Papa, nina watoto 52. Wa benchi ya nyuma hawafiki kwenye tufe, na wao ndio ninaowafikiria zaidi.

Fundi Redio
Na wa mbele watalishika tu. Meno ya giaboksi ya mota ile ni madogo, yakilazimishwa yanavunjika. Funga puli mbili zinazolingana na mkanda wa mpira wa redio ya kaseti. Mtoto akishika, mpira unateleza. Sumaku ya Yaya Bea inarudisha hesabu.

Mwalimu wa Katuba
Aksanti sana. Nimefunga mkanda jana usiku, mwangaza nimeushusha hadi 40 kati ya 255. Nikabonyeza Zambia. Likageuka polepole, likasimama, ikawaka kijani pale chini yetu kabisa. Leo natoboa tundu la 41, la Lubumbashi.